Ford ya 1930 yenye breki za fito: niweke za mafuta ama niziache?

SWALI: Assalaam alaykum fundi, shikamoo. Niko Malindi huku Barani. Marehemu babu ametuachia Ford Model A ya 1930, injini inaamka vizuri tu lakini breki ni zile za fito za chuma zinazovutwa na pedali, ukikanyaga gari inavuta kulia na inakula uwanja mzima kabla haijasimama. Fundi wa hapa mtaani anasema anaweza kutoa kila kitu aweke masta (ile pampu ya breki) ya Probox na drumu za mafuta, siku mbili tatu kazi imekwisha. Mi nataka niwe naitembeza Watamu, Kilifi, na siku moja niipandishe Nairobi kwa maonyesho ya magari ya zamani. Nibadilishe ama ntakuwa naharibu gari?

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Badilisha ukitaka, inawezekana kabisa na huko Marekani watu wamefanya hii kazi kwa Model A miaka na miaka, ila sio kwa njia ya huyo fundi wako. Na kabla hujafungua bolti hata moja jua kwanza kwanini gari inavuta kulia, manake kuna sababu ambazo ata uweke breki za ndege zitabaki pale pale.

Anza hapo. Inua gari magurudumu yote manne yaning'inie, iweke kwa stendi za chuma sio kwa mawe na vipande vya mbao, alafu mtu akanyage pedali polepole huku we unazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Utaona lipi linashika mapema, lipi linachelewa na lipi halishiki kabisa. Breki za fito ni kama wavuvi wanne wanavuta juya ufukweni, mmoja akilegea wavu wote unakwenda upande. Kila pini, kila bushi, kila jicho la fito likilika kidogo mvuto unapotea njiani, na gari ya miaka tisini na kitu ina vijicho vingi vilivyolika. Lakini angalia pia ndani ya drumu. Gari ikivuta kulia mara nyingi mgonjwa yuko kushoto, yaani upande wa kushoto haushiki ndo maana kulia kunashinda. Ukikuta lainingi za kushoto, ile sehemu inayosugua drumu, zimelowa oili ya difu iliyopita kwenye sili ya ekseli, ama grisi ya beringi imeyeyuka ikaingia kwa shuu, kile chuma kinachobeba lainingi, hapo ushapata jibu, na hilo jibu halihusiani na fito wala mafuta. Ukiweka breki za mafuta juu ya sili inayovuja utakuwa umenunua ugonjwa ule ule kwa bei ya juu. Angalia na kingpini, ile pini gurudumu la mbele linapogeukia, shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza basi gari itavuta tu hata breki ziwe nzuri vipi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba drumu za asili za Model A ni za bamba la chuma lililogandamizwa, sio chuma cha kumimina. Zikipata moto zinapanuka na kujikunja, zinaikimbia shuu, we unakanyaga na pedali inazidi kwenda chini. Siku hizi drumu za chuma cha kumimina za hii gari zinatengenezwa upya na zinauzwa, na Model A yenye drumu hizo, shuu zilizokerezwa zikalingana na drumu, na fito zisizocheza, inaweza kufunga magurudumu yote manne mpaka yakaburura. Kwa hiyo kama ingekuwa ni kuitembeza Malindi mjini na Watamu tu, mi ningekwambia tengeneza hizo hizo za fito na pesa inayobaki ununue tairi. Lakini umetaja Kilifi, umetaja Nairobi, na barabara ya Malindi kwenda Mombasa siku hizi matatu inakupita alafu inakata mbele yako inasimama papo hapo kuchukua abiria, na malori ya chumvi yanayotoka kule Gongoni nayo hayana subira. Kwa safari za namna hiyo nakubaliana nawe, za mafuta ni bora.

Ila usitarajie gari isimame kama Probox. Tairi ya Model A ya 1930 ni inchi 19 kwa upana wa inchi 4.75, nyembamba vile, na kinachoisimamisha gari mwisho wa yote ni hicho kiraka cha mpira kinachogusa lami. Breki ikishafunga gurudumu haina la kuongeza tena. Unachopata kwenye mafuta ni usawa. Presha ndani ya paipu ni moja kila mahali, basi magurudumu yanashikwa pamoja bila mtu kulala chini ya gari kila baada ya wiki kurekebisha fito. Tuktuk zinazokupeleka sokoni hapo, zile Bajaj, nazo ni drumu za mafuta hizo hizo, hakuna uchawi.

Swali ambalo watu huuliza ni kwanini Ford walichelewa. Duesenberg, watengenezaji wa magari wa Marekani, waliweka breki za mafuta magurudumu manne mwaka 1921, Chrysler wakazileta kwa magari ya watu wengi 1924, Plymouth ya bei nafuu ilikuwa nazo 1928, lakini Ford akang'ang'ania fito mpaka magari ya 1939, na alikuwa akitangaza kwamba ni usalama wa chuma kutoka pedali hadi gurudumu. Wengi humcheka kwa hilo. Mi simcheki sana, manake breki za mafuta za zama zile zilikuwa na chumba kimoja tu kwenye masta, paipu moja ikipasuka popote gari nzima haina breki, wakati fito moja ikikatika bado zingine zinashika. Hiyo hofu ilikuwa ya kweli, na dawa yake ilikuja baadaye kabisa, masta ya vyumba viwili, kimoja cha mbele kimoja cha nyuma, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1968. Sasa ukisikia mtu anakuuzia seti ya kubadilishia Model A yenye masta ya zamani ya chumba kimoja kwa sababu eti ndio inayofanana na ya 1940, mwambie asante. Unaondoa mfumo ambao ukiharibika unaharibika robo robo, basi usiweke ambao ukiharibika unaondoka wote. Vyumba viwili, hapo sina mjadala.

Haya, tuje kwa masta ya Probox. Sio kwamba ni mbaya, ni nzuri mahali pake. Imetengenezwa isukumwe na busta, kile chombo cha kusaidia mguu, inayovuta hewa ya injini, na mbele ya Probox ni diski sio drumu. Ukiitoa busta ukaipachika chini ya sakafu ya Model A mguu wako ndio unakuwa busta. Na chupa yake iko juu yake, imekusudiwa ukutani mbele ya dereva pale unapofungua boneti ukaiona, sasa chini ya miguu utajazaje mafuta? Na hizo drumu za Probox ndo kabisa, ni ndogo, zina bolti nne na gari yako ina tano, huyo fundi ataanza kutoboa na kuchomea habu, kile kitovu cha gurudumu, na hapo ndipo nasema HAPANA, habu haichomewi.

Hebu tupige hesabu kidogo uone kwanini saizi ya masta sio ya kubahatisha. Pima pedali, kutoka pale inapozungukia mpaka pale unapokanyaga, tuseme ni sentimita 30, na kutoka pale pale inapozungukia mpaka fimbo inayosukuma masta ni sentimita 5. Hiyo ni sita kwa moja, ndio kipimo kizuri kwa gari isiyo na busta. Ukikanyaga kwa kilo 30 fimbo inapata kilo 180. Masta ya inchi moja uso wa pistoni yake ni kama sentimita mraba 5, basi presha ni kama kilo 35 kwa kila sentimita mraba, na hiyo inatosha gari kama hii. Ukiweka masta nene ya inchi moja na robo uso unakuwa karibu 8, presha inashuka hadi kama 23 kwa mguu ule ule, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari haisimami. Ukienda kinyume ukaweka kimasta kembamba presha inapanda sana lakini mafuta yanayosukumwa ni machache, pedali inafika sakafuni kabla shuu hazijagusa drumu. Ndio maana wengi wanaofanya hii kazi hutulia kwa inchi moja, vyumba viwili.

Breki zenyewe sasa. Njia iliyozoeleka ni kutumia za Ford wenyewe za 1940 mpaka 1948, drumu za inchi 12, bolti tano zenye duara la inchi 5 na nusu sawa na za kwako, na kopi mpya zinatengenezwa Marekani, bekipleti (bamba la kubebea shuu), shuu, wili silinda (kisilinda kinachosukuma shuu) na drumu. Zinaingia kwa spindo za Model A, ule mhimili mfupi wa gurudumu la mbele, lakini sio hivi hivi, spindo za Model A ni nyembamba kwahiyo unahitaji ringi za kujazia kwenye beringi na ringi ya kuweka bekipleti katikati, huja na seti ukiagiza vizuri. Nyuma pia kuna kazi, habu inakaa juu ya ekseli iliyochongoka, basi hakikisha imekaa barabara haichezi, weka kii mpya (kipande cha chuma kinachofunga habu kwa ekseli) na nati ukaze sawasawa, habu ikicheza pale inakata kii au inapasua ekseli na gurudumu linakuaga.

Na usidanganywe na bolti. Utakuja kuambiwa Suzuki Jimny na Sierra nazo ni bolti tano duara lile lile, milimita 139.7, ni kweli kabisa, na zile ziko tele na spea zake bei nafuu. Lakini kulingana kwa bolti ni kulingana kwa rimu tu, spindo, beringi na ekseli ni vitu tofauti, haziwezi kuingiliana bila kukatakata. Tena ukishapata habu za 1940 kuna mtego mwingine kwa rimu zako za waya: rimu ya waya ya Model A inaegemea drumu kwenye ukingo wake wa nje, na drumu za baadaye hazina mahali pa kuegemea vile, kwa hiyo kuna ringi maalum ya kuwekwa katikati ya drumu na rimu. Ukiiruka hiyo, rimu inapinda kidogo kila ukikaza nati mpaka siku moja inapasuka. Ni kidude kidogo na watu wengi hukisahau.

Kufunga shuu: breki hizi za Ford za 1940 hadi 1948 kila shuu ina pini yake chini, na shuu yenye lainingi ndefu inakaa MBELE. Mafundi waliozoea breki za aina ya Bendix, ambazo shuu inasukuma mwenzake, wanaweka fupi mbele, kwa zile ni sahihi, kwa hizi ni makosa. Na wili silinda za mbele ni nene kuliko za nyuma kwasababu gari ikifunga breki uzito unakimbilia mbele, usizichanganye, nyuma ikishika kuliko mbele gari inazunguka hasa kwa lami yenye mchanga kama ya huku kwetu.

Kuhusu lainingi za zamani, hizi unazotoa sasa, zichukulie kuwa zina asbesto. Msipulize vumbi kwa kompresa kama inavyofanywa kila gereji. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitie ndani ya mfuko, mfuko ufungwe utupwe. Hili silisemi kwa mzaha, vumbi lile linakaa kifuani miaka mingi kabla halijaonyesha kazi yake.

Masta utaiweka wapi? Hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika. Pedali za Model A zimeshikwa kwenye hauzingi ya klachi, hazikushikwa na chasi. Ukifunga masta kwenye chasi na huku injini imewekewa mpira laini, kila injini ikitingishika umbali kati ya pedali na masta unabadilika, mara breki inagusa yenyewe mara pedali inakuwa ndefu. Kwa hiyo breketi ya masta ishikwe na kitu kile kile kinachoshika pedali, ama injini ifungwe ngumu isicheze. Breketi iwe bamba nene, mwambie mtu akanyage kwa nguvu huku we unaitazama, ukiona inajikunja ongeza kiimarisho. Tumia bolti, usichomee chasi ya babu na usitoboe ile midomo ya juu na chini ya chasi, toboa ubavuni.

Alafu fimbo ya kusukuma. Hii naandika pole pole uelewe. Pedali ikiwa imeachiwa kabisa, lazima kuwe na nafasi ndogo, milimita moja hadi mbili, kati ya fimbo na pistoni ya masta. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo sana ambacho mafuta hurudi kwa chupa pedali ikiachiliwa. Fimbo ikiwa ndefu pistoni hairudi mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa, mafuta yakipata moto yanapanuka hayana pa kwenda, yanasukuma shuu, shuu zinazidi moto, mafuta yanazidi kupanuka, na kilomita kumi mbele gari inajifunga breki yenyewe njiani. Watu wanafungua drumu, wanabadilisha shuu, wanalaumu wili silinda, na kumbe ni urefu wa fimbo. Ikikutokea barabarani legeza nipeli moja, kile kibolti cha kutolea hewa kwenye gurudumu, mafuta yakiruka na gurudumu likaachia ushajua. Na weka springi ya kurudisha pedali, usiitegemee ya ndani ya masta.

Kwa vile masta itakuwa chini, karibu usawa mmoja na magurudumu, unahitaji valvu ndogo ya kubakiza presha kwenye kila mkondo, kwa drumu ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha). Kazi yake ni kuzifanya sili za wili silinda zibaki zimekaza ukuta zisivute hewa na mafuta yasirudi yote nyuma. Uliza kwanza kama masta uliyonunua inayo ndani tayari, kama inayo usiongeze nyingine. Na usije ukaweka ya psi 2, hiyo ni ya diski.

Paipu. Hapa Malindi chumvi iko hewani, paipu za chuma za kawaida zinaoza kutoka nje hata gari ikilala ndani. Tafuta zile za mchanganyiko wa shaba na nikeli, unene inchi 3/16, zinakunjika kwa mkono na kutu hazijui. Usikubali paipu ya shaba tupu ya friji, inachoka na kupasuka kwa mtikisiko. Mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili, sio mara moja, na usiunge paipu ya breki katikati kwa kile kiungo cha kubana cha paipu za maji, hapana hapana. Alafu jambo la nati: masta ya Kimarekani nati zake ni 3/8 zenye meno 24, spea za Kijapani ni milimita 10 meno ya 1.0. Ukizijaribu zinakaribiana sana, moja inaingia kwa nyingine mizunguko miwili mitatu na mwenye haraka anamalizia kwa spana. Ikivua meno siku ile una bahati, isipovua inakungoja njiani. Paipu ya mpira iwe mpya, urefu wa kutosha usukani ukikatwa mwisho pande zote mbili, na isiguse tairi wala fito ya usukani.

Mafuta ya breki tumia DOT 4. DOT 3 mpya kiwango chake cha chini ni kuchemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi 140, DOT 4 ni 230 na 155. Unaona mwenyewe maji yanafanya nini, na hewa ya huku ina maji mwaka mzima. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, pedali inakwenda chini kama hakuna kitu. Kwahiyo yabadilishe kila mwaka, kabla ya masika ukiweza, na usinunue chupa iliyofunguliwa dukani ati ni nusu bei. Wengine watakushauri DOT 5 ya silikoni kwa sababu haili rangi, ni kweli haili, na DOT 4 ikimwagika kwa rangi ya babu mwaga maji hapo hapo usingoje. Lakini silikoni haichanganyiki na hizi zingine, na siku moja uko safarini fundi wa njiani atakuongezea anayoyajua yeye, uharibu yote. Na tukiwa hapo hapo, kuna tabia ya kujazia breki kwa oili ya injini ama ya gia mafuta yakipungua. Tone moja la oili ya petroli linavimbisha sili zote, masta na wili silinda zote nne zinakwenda, na paipu za mpira pia. Hata kusafisha usitumie petroli wala mafuta ya taa, tumia spiriti ama mafuta ya breki yenyewe.

Handibreki sasa, na hapa ndipo huyo fundi wa siku mbili tatu hajakuambia kitu. Gari yako ina handibreki yenye bendi zake peke yake ndani ya drumu za nyuma. Ukitoa drumu hizo na handibreki imeondoka nayo. Breki za nyuma za Ford za 1940 hadi 1948 zina mkono mdogo wa kuvuta shuu kwa waya, basi nunua nyuma yenye vifaa hivyo kamili, unganisha waya na mkono wa asili wa handibreki, na ujaribu mlimani gari ikiwa haina gia. Mafuta na handibreki visishirikiane chochote isipokuwa shuu. Mambo yakiharibika ukiwa unateremka kuelekea daraja la Kilifi, huo mkono ndio utakaokuwa nao na gia. Na gia za Model A ni tatu bila sinkro, kile kifaa cha kulainisha gia zikiingia, usitegemee kuirudisha ya pili katikati ya mteremko, irudishe ukiwa bado kileleni kabla hujaanza kushuka. Siku ya kwenda Nairobi jambo hilo utalikuta Mazeras pia, ukiwa unarudi.

Switi ya taa za breki weka ya kuvutwa na pedali, zile za kukaa kwenye paipu huvuja zikizeeka.

Kutoa hewa anza gurudumu lililo mbali na masta. Kama usukani uko kulia na masta iko kulia basi ni nyuma kushoto, alafu nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kabla ya hapo rekebisha shuu kwanza, zikaze mpaka zikwaruze drumu alafu zilegeze kidogo, manake shuu zikiwa mbali pedali itakuwa ndefu na utadhani ni hewa, utamwaga mafuta chupa nzima bure. Ukimaliza kanyaga kwa nguvu ushikilie dakika nzima. Ikizama polepole kuna mahali panavuja, nje au ndani ya masta, usiende barabarani. Ikiwa laini kama sponji ni hewa. Ikiwa ngumu lakini ukikanyaga mara ya pili inapanda juu zaidi ya mara ya kwanza, rudi kwa shuu.

Jaribu asubuhi mapema lami ikiwa tupu, kilomita 20 kwa saa kwanza, alafu 40, alafu 60, kila mara ukisimama uguse drumu zote nne kwa uangalifu, moja ikiwa ya moto sana kuliko zingine ama baridi kabisa, hiyo ndio ya kufungua. Lainingi mpya zinahitaji kusimama mara nyingi kwa upole kabla hazijakaa na drumu, usizichome siku ya kwanza. Na mvua ikinyesha ukapita kwenye dimbwi, drumu zikiingia maji breki zinapotea kwa muda, gusa pedali kidogo ukiwa unatembea mpaka zikauke.

Drumu za zamani ukizipata badala ya mpya, zipimwe kabla ya kukerezwa. Kwa kawaida hazitakiwi kuzidi kipimo cha asili kwa zaidi ya kama milimita 1.5, zile za inchi 12 ni 304.8 zikiwa mpya, basi ikifika 306 na ushei hiyo itupe.

Kuhusu kuharibu gari: kama kila kitu kimefungwa kwa bolti hujaharibu. Usikate fito, usikate ile shafti ya katikati inayounganisha fito, usitupe bekipleti wala drumu za bamba hata kama zimechoka. Fito na pini zote zipake grisi, kila moja uifunge na kuiandika ilikotoka, drumu zipake oili ziwekwe mahali pakavu mbali na upepo wa baharini. Nairobi ukifika wenye macho wataona breki sio za 1930, waambie wazi, na mtu wa bima mwambie pia kabla ya safari, na inspeksheni uende na handibreki inayoshika. Mwanao akitaka kurudisha za fito atazikuta.

Kabla hujaagiza chochote nitumie vitu viwili: vile vipimo viwili vya pedali nilivyosema hapo juu, na picha ya ndani ya drumu ya kushoto, mbele na nyuma. Kama kuna oili humo tutaanza na sili.